Mwashi na Mwenye Nyumba: Habari za Ujira, Chokaa na Saruji Katika Miji ya Pwani

Katika Kiswahili cha kale mtu hakusema kwamba ajenga nyumba ya mawe. Alisema kwamba aiaka. Kujenga lilikuwa hasa neno la miti, fito na makuti. Kuaka lilikuwa neno la mawe na chokaa. Na kama vile kupika latupa mpishi, na kuandika latupa mwandishi, vivyo hivyo kuaka latupa mwashi. Kitenzi chenyewe kimekwisha kufa vinywani mwa watu, hata kijana wa mjini ukimwambia, "Nyumba hii iliakwa na babu yako," atadhani umeteleza ulimi. Lakini jina la fundi wake limesalia, na kazi yake ingali ikitafutwa.

Twataka katika kurasa hizi kueleza jinsi mwenye nyumba na mwashi walivyokuwa wakipatana juu ya kazi na ujira, na jinsi mapatano hayo yalivyogeuka, hata leo mtu mwenye ufa ukutani hajui amwamini nani, fundi wa bei kubwa au fundi wa bei ndogo. Jambo hili si dogo. Masika yakija, mara kwa mara twasikia kwamba nyumba ya mawe imeanguka katika Mji Mkongwe wa Unguja, na watu husema, "Ni mvua." Walakini mvua ya masika haikuanza kunyesha juzi, na nyumba hizo nyingine zimeistahimili kwa miaka mia na zaidi. Liko jambo jingine lililobadilika.

Kwanza yapasa msomaji aielewe nyumba yenyewe, hasa msomaji wa bara asiyepata kuingia ndani yake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, yasiyochongwa sana, yakashikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake hufika nusu mita na kupita. Mawe mepesi yaliyokatwa baharini yaliwekwa akiba kwa ajili ya madaka, matao na nakshi, kwa kuwa yangali mabichi huchongeka kama ubao. Katikati ya mawe makubwa mwashi alitomea, yaani alijaza nafasi kwa vijiwe na chokaa, moja moja, kwa mkono. Na kazi hiyo ya kutomea, ingawa haionekani baada ya lipu kupigwa, ndiyo impambanuayo mwashi wa kweli na mtu aliyenunua mwiko. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, karibu karibu. Juu ya boriti mawe bapa. Na juu ya mawe zege la chokaa na kokoto, ndiyo sakafu.

Boriti haiwezi kubeba mzigo huo ikiwa ndefu mno, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Mti huo huo ulipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Ghuba, hata vyumba vya nyumba za kale za Kuwait na Bahrain vikapata wembamba ule ule, mpaka serikali ya Kenya ilipokataza kuupeleka nje mwaka 1982. Boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mnunuzi asiyeyajua majina hayo aliweza kuuziwa mazio kwa bei ya boriti, na hasara yake haikuonekana mpaka sakafu ilipoanza kuinama, na hapo muuzaji alikwisha kutweka tanga.

Hayo ni ya miti. Habari ya chokaa ni ndefu zaidi, na ndiyo iliyofunga mapatano yote. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakageuka; yakamwagiwa maji, yakafukuta na kuvunjika yakawa unga mweupe; kisha chokaa ile ikaachwa ikiwa imelowa kwa majuma mengi, na kwa kazi njema miezi. Chokaa haikauki kama udongo ukaukavyo. Hukomaa: hurudisha kutoka hewani ile gesi iliyotolewa na moto, hata polepole ikawa jiwe tena. Jambo hilo haliharakishwi kwa fedha wala kwa kelele. Mwashi huaka safu chache, akauacha ukuta ushike, akaenda upande mwingine, akarudi. Na sakafu haikumwagwa tu ikaachwa, ilipigiliwa. Watu walipangwa safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaipiga sakafu kwa pamoja, kwa nyimbo, siku baada ya siku, mpaka ikagandamana na kukataa maji.

Sasa, mwashi alilipwaje? Desturi ilikuwa mwenye nyumba anunue mwenyewe mawe, chokaa na boriti, na mwashi alete ufundi wake, mwiko wake, timazi yake na wanafunzi wake. Hesabu ya ujira ilikuwa aghalabu ya kutwa. Katika Unguja ya zama hizo mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijibarua, naye akakirudisha siku ya malipo; ndiyo maana mpaka leo twamwita mtu huyo kibarua, tukimtaja kwa jina la karatasi yake. Kazi ikiwa kubwa palitolewa arbuni, yaani fedha ya kufunga maneno ili fundi asikimbilie kwa mwingine. Na kazi ikiisha, mwenye nyumba alimpa fundi kilemba. Kilemba hicho kilikuwa kitambaa kweli hapo mwanzo, kisha kikawa fedha iitwayo kwa jina la kitambaa. Hakikuwa deni ambalo fundi angeweza kulidai kwa kadhi, wala hakikuwa sadaka ambayo mwenye nyumba angeweza kuiacha bila kusemwa barazani. Fundi alikitazamia tangu jiwe la kwanza, naye alijua kwamba hakitolewi mpaka nyumba imekwisha kutazamwa.

Tutue hapa kidogo, maana wengi husema kwamba watu wa kale walifanya kazi njema kwa sababu walikuwa waaminifu kuliko sisi. Hatuoni hivyo. Mwanadamu ni yule yule. Twaona kwamba mapatano yao ndiyo yaliyokuwa na akili. Chokaa ilikuwa mali ya mwenye nyumba, imo shimoni kwake; mwashi hakupata faida yoyote kwa kuipunguza ukutani. Ujira ulikuwa wa kutwa, naye hakupata faida kwa kukimbiza kazi. Kitu kimoja tu aliweza kuiba, nacho ni siku: kujivuta, kukaa kivulini, kuifanya kazi ya miezi minne iwe ya sita. Na siku ndizo chokaa ilizozihitaji! Wizi wa mwashi uliufaa ukuta. Mwenye nyumba alinung'unika, alilipa, akapata ukuta uliokomaa.

Lakini tusiisifu mno zamani hiyo, kwa kuwa upo upande wake ambao wasimulizi wa majumba makubwa hupenda kuuruka. Siku zile nyingi zilikuwa nafuu kwa mwenye nyumba kwa sababu wengi wa waliobeba mawe, waliochoma chokaa na waliopigilia sakafu walikuwa watumwa. Mtumwa aliyekodishwa kuwa kibarua alimpelekea bwana wake sehemu ya ujira wake, na mtumwa wa mwenye nyumba mwenyewe hakupata ujira kabisa. Basi tunaposimama mbele ya ukuta wa Unguja au Lamu na kustaajabia uimara wake, tukumbuke kwamba bei yake haikulipwa yote na yule ambaye jina lake limechongwa juu ya mlango. Utumwa ulipoondolewa katika sheria, Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922, siku ya mtu ilipata thamani yake, kama ilivyostahili. Na tangu hapo kazi itakayo siku nyingi na mikono mingi ilianza kuitwa ghali.

Wala msomaji asidhani kwamba watu wa kale hawakujenga vibaya. Kilwa Kisiwani uko msikiti mkuu ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11 au ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14, mji ulipotajirika kwa dhahabu ya Sofala, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, aliuongeza mara nyingi kuliko ulivyokuwa, akatia matao na kuba. Ongezeko lile halikustahimili. Likaanguka, na katika karne ya 15 likajengwa upya, kwa nguzo za mawe madogo na chokaa, na hizo ndizo azionazo mgeni leo. Mali haikukosekana, wala mafundi. Jengo lilitakiwa kubeba zaidi ya lililoweza.

Sasa twaja kwenye saruji, na hapa lugha yenyewe yatufundisha. Wengi hudhani neno hili lilikuja pamoja na mifuko ya karatasi. Sivyo. Huko Oman saruji ni kitu cha kale sana: udongo uliochomwa, ukasagwa, ukatumiwa kuzibia mifereji ya maji na kuta za ngome. Jina hilo lilivuka bahari pamoja na watu, nalo likatumika pwani kwa mchanganyiko wa waashi. Mwaka 1824 Mwingereza Joseph Aspdin alipata hati ya kitu kipya alichokiita saruji ya Portland, na kitu hicho kilipofika kwetu kilivaa jina lile la zamani kama mgeni aazimwaye kanzu. Kwa hiyo mzee akisema kwamba nyumba ya babu yake ilikuwa ya saruji, na kijana akisema kwamba ataitengeneza kwa saruji, watu wawili hao hawasemi juu ya kitu kimoja, ingawa wote wawili huenda nyumbani wakidhani wamepatana.

Hatusemi kwamba saruji ya Portland ni mbaya. Ushahidi dhidi yetu umesimama Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Unguja, ambalo kazi yake ilisimamiwa na Edward Steere. Steere huyu ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha lugha ya Kiswahili ambacho wapenzi wa maneno kama sisi hatuchoki kukifungua. Kuba lake refu lilitengenezwa kwa saruji ya Portland na matumbawe yaliyopondwa, kitu ambacho mji haukupata kukiona, na wako waliotabiri kwamba litaanguka. Limesimama mpaka leo. Husimuliwa tena kwamba siku moja Steere alisafiri, na mafundi wakasimamisha nguzo kadhaa za ndani miguu juu, kichwa chini. Aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Wageni huonyeshwa nguzo hizo wakacheka. Sisi twaona katika kisa hicho mambo mawili: kwamba mwenye kazi akiondoka, kazi nayo hupata mwenye mwingine; na kwamba liko kosa liwezalo kuachwa, kwa kuwa nguzo iliyopinduliwa hubeba kama isiyopinduliwa, na liko kosa lisiloweza. Msimamizi mwenye akili huyatofautisha. Wenye nyumba wengi tuwajuao hugombana na fundi juu ya rangi ya mlango, na maji yakaingia darini bila kuulizwa.

Saruji ikawa kitu cha kila siku baada ya viwanda kuanza hapa hapa kwetu, cha Bamburi karibu na Mombasa mwaka 1954, na cha Wazo Hill karibu na Dar es Salaam mwaka 1966. Tangu hapo mtu hakuwa na haja ya tanuri, wala shimo, wala miezi ya kungoja. Mfuko hufunguliwa asubuhi, na jioni ukuta umeshika. Kwa nyumba mpya ya matofali ya saruji hii ni neema, wala hatumcheki mtu aliyemaliza nyumba yake kwa msimu mmoja. Lakini katika nyumba ya kale saruji ilibadili mambo mawili kwa pamoja, na watu wengi wameliona moja tu.

La kwanza ni la ukuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama sifongo, na limejaa chumvi. Unyevu wa ardhi hupanda ndani yake, na mvua huingia kwa juu. Lipu ya chokaa huuruhusu unyevu huo kutoka: jua likiwaka, ukuta hupumua, chumvi huja nje, chokaa ya juu hubanduka kidogo, na mwenye nyumba hupaka tena. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, wala haina pumzi. Ukiivika ukuta wa kale lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani. Hupanda juu zaidi kuliko kwanza, huifanya chokaa ya kati kuwa kama uji, na hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, ambako mti huoza mahali pasipoonwa na mtu. Kwa nje ukuta ni mzuri, umenyooka, una rangi. Mwenye nyumba hujisifu. Kisha siku moja lipu huanguka kama ganda, pamoja na mawe yake.

La pili ni la mapatano. Kazi ya saruji aghalabu haihesabiwi kwa kutwa, bali kwa jumla: fundi hutazama, hutaja bei, hununua vifaa mwenyewe, hupokea nusu ya fedha kabla. Yule mwashi wa zamani faida yake ilikuwa katika kukawia. Huyu faida yake imo katika kuharakisha. Yule hakupata kitu kwa kuipunguza chokaa. Huyu kila mfuko asioutia ni wake. Karai moja la saruji kwa makarai matatu au manne ya mchanga, na karai moja kwa manane, zikikwisha kupakwa hufanana kwa macho, na msumari tu ndio utakaozitambua baada ya mwaka. Wala hatusemi kwamba mafundi wa leo ni wezi. Twasema kwamba mwenye nyumba huwaita watatu, humchagua wa bei ndogo, na bei ile ndogo sharti itoke mahali fulani. Asipouliza inatoka wapi, ameichagua mwenyewe.

Neno rahisi, ambalo sasa latumika kwa jambo lisilo na taabu, katika vitabu vya kale maana yake ni kitu cha bei ndogo. Na neno imara, ambalo kwetu ni sifa ya kitu chenye nguvu, katika Kiarabu latokana na kujenga na kulitunza jengo. Katika sheria ya wakfu, imara ndiyo haki ya kwanza: kodi ya nyumba iliyowekwa wakfu hutumiwa kwanza kuitengeneza nyumba, ndipo iliyobaki igawiwe wanaostahili. Watu waliotunga sheria hiyo walijua kwamba warithi, wakiachiwa, watakula kodi na kuuacha ufa. Lakini sheria haiwezi kuzidi fedha iliyopo. Kodi za nyumba za wakfu zilikuwa ndogo kwa makusudi ili maskini wapate kukaa, na kodi ndogo haikutosha chokaa. Kisha, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali na kugawiwa jamaa nyingi, chumba kwa chumba. Hapo hapakuwa tena na mwenye nyumba wa kupatana na mwashi. Wa juu alisema ufa ni wa chini, na wa chini alisema maji yatoka juu. Wote wawili walisema kweli. Waashi wakakosa kazi, wakazeeka, na wanafunzi wao wakaenda kujifunza matofali. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mji ukaandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001; tangu hapo yapo masharti juu ya chokaa na boriti, na zipo juhudi za kufundisha vijana. Walakini sharti juu ya karatasi halitomei ukuta.

Hasara iliyo kubwa kuliko zote yajulikana na kila mtu. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe zake, lenye nguzo za chuma na roshani pande zote, lilipoteza sehemu ya roshani mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa imekwisha kuanza, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Si kazi yetu kumhukumu mtu. Twasema neno moja tu, kwamba fedha ilipatikana na mafundi wakaja, lakini miaka ambayo maji yalikuwa yakiingia haikuweza kununuliwa. Nao waliokufa hawakuwa wamiliki wa jumba.

Sisi wenyewe hatukujifunza haya vitabuni. Katika Mji Mkongwe tuna sehemu ya nyumba tuliyoachiwa na wazee, na ukuta wake wa upande wa uchochoro ulifanya ufa ambao kwanza uliingia kucha, kisha ukaingia kidole. Tuliita mafundi watatu. Wa kwanza alitia kiganja ukutani, akakiacha hapo kitambo, akauliza maji ya darini yanakwenda wapi. Bei yake ilitushtua. Wa pili alipima kwa kamba akaandika. Wa tatu alisimama mlangoni, akatazama mara moja, akataja nusu ya bei ya wa kwanza na kusema kwamba atamaliza kwa siku tisa. Msomaji ameshajua tulimchukua nani. Alimaliza kwa siku nane, akasifiwa na majirani, na sisi tukajiona werevu. Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili, usiku, kipande cha lipu chenye urefu wa mtu kilianguka uchochoroni, na mawe nyuma yake. Alfajiri watoto wa chuoni hupita pale pale. Hatukulala tena mpaka kulipokucha.

Tukamrudia yule wa kwanza, kwa haya. Ni mzee; hakutukumbusha kitu. Tukamwomba ataje bei ya kazi yote, tuimalize kwa mkataba.

"Mwanangu," akasema, "ukuta huu sijui una nini mpaka niufungue. Nikikutajia bei leo, nimekudanganya wewe, au nimejidanganya mimi. Nilipe kutwa. Chokaa nunua wewe, uiweke kwako, uitie maji. Mimi nitakuja ikiwa tayari."

Tukamwambia, "Mzee, tutajuaje kwamba hutajivuta?"

Akacheka. "Nitajivuta. Ndiyo kazi yenyewe."

Alikuja baada ya miezi miwili. Alipoibandua saruji ya mwenzake tulikuta vichwa vya boriti sita vimekuwa kama tumbaku, hata kidole kilizama. Alizibadili, akaondoa mawe yaliyolegea, akayaosha chumvi, akayarudisha moja moja, akitomea kwa vijiwe na kututaka tumpishe tusimame upande wa kivuli. Wakati mwingine alikaa kutwa nzima bila kugusa mwiko, akisema ukuta haujashika. Tulimlipa siku hizo pia. Jumla ya fedha ilipita mara mbili ile aliyoitaja fundi wa tatu, mbali na ile tuliyokwisha kumlipa huyo kwanza, na mwenzetu mmoja katika urithi hajatusamehe mpaka sasa. Kilemba tumempa, nacho kilikuwa fedha.

Lipu ya nje bado haijapigwa. Mzee asema ukuta una maji ya miaka mingi, na sharti uachwe wazi mpaka kaskazi ipite, upate kuyatoa. Basi umesimama hivyo, mawe nje, na wapitao uchochoroni hutuuliza kama fedha zimetuishia.